Pango la Rajib: Ni Mikono ya Nani Iliyochonga Vyumba vya Chini ya Ardhi vya Viungani mwa Amman?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Suala limetufikia kutoka kwa mama mmoja aliyerudi katika safari ya kuzuru Baitul Maqdis. Msafara wao ulipitia Amman, mji mkuu wa Jordan, na kiongozi wa msafara akawapeleka katika kiunga kimoja cha mji huo kiitwacho Rajib, akawateremsha ndani ya pango lililochongwa mwambani, akawaambia kwa yakini kabisa kwamba hapa ndipo walipolala Vijana wa Pangoni waliotajwa katika Suratul Kahf. Mama yule alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani. Akaweka nadhiri hapo hapo kwamba mwanawe akipona, atarudi kuchinja mbuzi mlangoni mwa pango lile. Mtoto amepona, alhamdulillah. Lakini nauli ya kurudi Jordan hana, na sasa halali usingizi. Anauliza: je, nadhiri hii inamfunga?

Jawabu la nadhiri tutalifikia. Lakini mwenye kutaka kujibu vizuri hana budi aangalie kwanza jambo ambalo nadhiri ile imesimama juu yake, nalo ni hili dai la kwamba pango lile ndilo lenyewe. Tumeona pia baadhi ya maimamu wetu wakilitaja dai hilo juu ya mimbari kana kwamba limo ndani ya Msahafu.

Rajib ipo kusini mashariki mwa Amman, na zamani ilikuwa kijiji mbali na mji. Leo mji umeimeza. Katika mteremko wa mwamba kuna uso wa jiwe uliochongwa kwa mkono: mlango, nguzo zilizochongwa pembeni mwake, zidaka mfano wa zile za nyumba zetu za kale za pwani, na mapambo ya duara ambayo mojawapo lina umbo la msalaba wenye mikono sawa. Ukiingia unakuta chumba, na kuta zake zimechongwa ndani kwa matao, kila tao likihifadhi makaburi ya mawe. Aliyewahi kuteremka kaburini kumzika maiti na akaona mwanandani atafahamu haraka, isipokuwa hapa mwanandani umechongwa katika mwamba mtupu. Katika kaburi mojawapo kuna tundu dogo lililozibwa kwa kioo, na humo wageni huchungulia mafupa. Kuna pia tundu la hewa linalopanda kutoka chumbani hadi juu ya mwamba, na juu yake pana mabaki ya msikiti wa kale wenye mihrabu, uliosimama juu ya misingi ya jengo la kale zaidi.

Pango hili halikuwa limefichika kwa wenyeji, bali lilisahauliwa na wasomi. Katika miaka ya 1950 mwandishi Muhammad Taysir Zabyan alilizuru na kuanza kuandika juu yake, na mwaka 1963 Idara ya Mambo ya Kale ya Jordan, chini ya usimamizi wa Rafiq Wafa al-Dajani, ikachimba na kusafisha. Kukatoka vyombo vya udongo na sarafu za zama mbalimbali, kuanzia za Warumi hadi za Waislamu. Al-Dajani akatoa kitabu akishikilia kwamba hili ndilo pango la Qur'ani, na tangu hapo serikali ikalienzi, hadi kujengwa karibu yake msikiti mkubwa wa kisasa.

Sasa tutazame hoja zao, kwani si hoja za kupuuzwa.

Ya kwanza ni jina. Qur'ani katika Aya ya 9 imewataja watu wa Pango na Raqim. Wafasiri wamekhitalifiana juu ya neno Raqim: wako waliosema ni bonde, wako waliosema ni kijiji, na Said bin Jubayr kasema ni ubao wa jiwe ulioandikwa habari zao. Ibn Abbas (r.a.), naye ndiye bahari ya elimu hii, imepokewa kutoka kwake kauli zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba hajui Raqim ni nini, maandishi au jengo. Watetezi wa Rajib wanasema: Raqim ni kijiji, na Rajib ni Raqim lile lile lililogeuka ndimini mwa mabedui, qafu ikawa jimu na mimu ikawa ba. Sisi tuliosoma sarufi na lahaja za Waarabu hatuoni ubaya katika hilo. Qafu hugeuka jimu katika baadhi ya lahaja, na mimu na ba zote ni herufi za midomo. Lakini kuwezekana kwa jambo ni kitu kimoja, na kutokea kwake ni kitu kingine. Isitoshe, mji wa Petra, uliochongwa wote mwambani kusini mwa Jordan hiyo hiyo, Wanabati wenyewe waliuita Raqmu, na jina hilo limeonekana katika maandishi yao ya mawe. Basi tukienda kwa majina tu, tutakuwa na Raqim mbili katika nchi moja.

Hata hivyo ni kweli kwamba wanajiografia wa Kiislamu walilijua jina la Raqim karibu na Amman. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 626 Hijria (1229), ametaja katika Mu'jam al-Buldan mahali paitwapo Raqim katika upande wa Balqaa, akasema wapo wanaodai kwamba ndipo walipo watu wa Pangoni, na kwamba Yazid bin Abdul Malik wa Bani Umayya alikuwa akishukia hapo. Kabla yake, al-Maqdisi, aliyeandika Ahsan al-Taqasim karibu na mwaka 375 Hijria (985), ametaja kijiji cha Raqim, umbali wa farsakh moja kutoka Amman, ukingoni mwa jangwa, chenye pango lenye milango miwili, mkubwa na mdogo, na ndani yake makaburi matatu.

Hapa tunamwomba msomaji asimame kidogo. Al-Maqdisi ni mtu wa Baitul Maqdis, jirani wa nchi hiyo, na ndiye shahidi wa zamani ambaye watetezi wa Rajib hupenda kumtaja. Lakini pango hilo yeye amelifungamanisha na kisa gani? Si kisa cha vijana waliolala. Ameleta hapo Hadithi ya wale watu watatu waliojikinga pangoni, jiwe likawafungia mlango, kila mmoja akatawassal kwa amali yake njema mpaka jiwe likaondoka. Hadithi hiyo ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), lakini ni kisa kingine kabisa. Maana yake ni kwamba katika karne ya 4 watu wa eneo lile walikuwa na pango moja, na kisa kinachosimuliwa juu yake si hiki cha leo, au vilikuwapo visa viwili vikigombania pango. Kwa mwenye kujua elimu ya riwaya hiyo ni idhtirabu iliyo wazi, nasi tunashangaa kuona shahidi huyu akitajwa nusu ya ushahidi wake tu.

Hoja ya pili ni hesabu ya miaka. Simulizi za Wakristo, ambazo zilikuwa zikienea kwa Kisiria tangu karne ya 6 Miladia katika mawaidha ya Yakobo wa Serugh, zinasema vijana waliukimbia ukatili wa mfalme Decius, aliyetawala Rumi kati ya 249 na 251, wakaamka zama za Theodosius wa Pili, aliyetawala 408 hadi 450. Baina ya wawili hao hakufiki hata miaka mia mbili na mmoja. Qur'ani imetaja katika Aya ya 25 miaka mia tatu na tisa juu yake. Al-Dajani akasema basi mfalme dhalimu hakuwa Decius bali Trajan, ambaye mwaka 112 alitoa amri ya kuwaadhibu Wakristo wasiokana dini yao. Ongeza mia tatu unafika 412, ndani ya utawala wa Theodosius. Na ile tisa ni tofauti ya mwaka wa jua na mwaka wa mwezi, kama walivyosema wafasiri tangu zamani, kwani miaka 300 ya jua ni takriban 309 ya mwezi. Hesabu hii ni nzuri, tumeipiga wenyewe na imesimama. Lakini inathibitisha nini? Inaonesha kwamba Qur'ani haipingwi na tarehe za wafalme, na hilo ni faida kubwa kwa mwenye kujadiliana na wakosoaji. Haioneshi kwamba tukio lilikuwa Rajib. Trajan alitawala Efeso kama alivyotawala Amman.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuchukua muda mrefu, nayo ni ya jua. Aya ya 17 inaeleza kwamba jua linapochomoza huinamia upande wa kulia wa pango lao, na linapotua huwapita upande wa kushoto, nao wamo katika uwazi wa pango. Mlango wa pango la Rajib unaelekea kusini. Watetezi wake wanasema mwenye kuingia mlango wa kusini, mashariki huwa kuliani kwake na magharibi kushotoni, basi Aya imetimia. Lakini Ibn Kathir, aliyeishi Damascus, si mbali na huko, ameifahamu Aya kinyume cha hivyo. Yeye amesema Aya ni dalili kwamba mlango wa pango ulielekea kaskazini, na akabainisha kwamba kama ungeelekea upande wa kibla, lisingeingia jua wakati wa kuchomoza wala wa kutua. (Msomaji wetu wa Mombasa au Unguja asikosee hapa: kibla cha mtu wa Damascus ni kusini, siyo kaskazini kama chetu.) Mtu aliyesimama ndani ya pango la kaskazini akatazama nje, mashariki huwa kuliani mwake, na jua katika nchi zile kamwe halipandi upande wa kaskazini adhuhuri kama linavyofanya kwetu wakati wa kusi. Huchungulia mlango wa kaskazini asubuhi na jioni tu, tena katika miezi ya kiangazi chao. Basi Ibn Kathir hakusema kwa kubahatisha, alipiga mahesabu ya mwanga. Kwa ufahamu wake pango la Rajib limekosa sharti la Aya, na kwa ufahamu wa wengine limelitimiza. Aya moja haiwezi kutumiwa kuwa muhuri wa mahali ikiwa wenye kuifasiri wanageuka, mmoja akitazama ndani na mwingine akitazama nje.

Na Rajib si peke yake. Nje ya magofu ya Efeso, karibu na mji wa Selçuk nchini Uturuki, kuna makaburi ya mwambani yaliyochimbuliwa na wataalamu wa Austria katika miaka ya 1927 na 1928, wakakuta mamia ya makaburi na maandishi ukutani yanayowaomba hao Vijana Saba. Tarsus nako kuna pango, na Afşin kuna pango, na mlima Qasiyun unaotazama Damascus una pango, na Tuyuq katika nchi ya Wauighuri kuna ziyara. Ibn Atiyya, mfasiri wa Andalus, ameandika kwamba aliwaona kwa macho yake mwaka 504 Hijria katika pango lililo karibu na Granada, maiti na mbwa wao, juu yao msikiti, na karibu yao jengo la Kirumi linaloitwa Raqim! Jina ni lile lile, na msikiti ni ule ule, katika pembe nyingine kabisa ya dunia.

Wako waliokwenda kuhakiki. Ibn Khurradadhbih amesimulia kwamba Khalifa al-Wathiq, aliyetawala kati ya mwaka 227 na 232 Hijria, alimtuma Muhammad bin Musa, mtaalamu wa nyota, hadi nchi ya Rumi kuwatazama. Mlinzi wa pango akawatisha wasiingie. Muhammad bin Musa akaingia na mshumaa, akaigusa miili, akakuta imepakwa dawa za kuhifadhia maiti. Akamwambia mlinzi kwamba walitarajia kuona maiti wanaofanana na watu hai, na hawa sivyo walivyo. Kisha mlinzi akawapa chakula, nao wakakishuku kuwa kimetiwa kitu cha kuwadhuru. Tunakipenda kisa hiki, kwani Khalifa alikuwa na uwezo wa kusadiki tu na akajenga kuba, naye akapeleka mtu wa hesabu.

Basi nani alichonga? Kwa tulivyosoma, jawabu lililo karibu zaidi na ushahidi ni kwamba vyumba vya Rajib ni makaburi ya watu wenye uwezo wa zama za Warumi na Wabizanti. Amman wakati huo uliitwa Philadelphia, na viunga vyake vimejaa makaburi ya mwambani ya namna hiyo, yenye matao na majeneza ya mawe. Waashi waliolichonga walikuwa wakichonga kaburi, na alama za patasi zao, matao yao na mapambo yao vinasema hivyo. Inawezekana baadaye Wakristo wakalihusisha na vijana wale, kisha Waislamu wakarithi. Inawezekana pia kwamba vijana walilala katika pango la kimaumbile na baadaye likachongwa kuwa kaburi lao, kama wanavyosema watetezi. Sisi tunaona Rajib ina hoja za kuvutia kuliko nyingi ya zile nyingine, kwa ajili ya jina na ukale wa msikiti wake, lakini hiyo ni dhana, haifiki kuwa yakini. Na Ibn Kathir alikwishasema kwa maana kwamba Mwenyezi Mungu hakutueleza ni nchi gani, kwa kuwa hakuna faida ya kisheria ndani yake, na lau ingekuwapo maslaha ya dini, Mtume (s.a.w.) angetuelekeza. Sura yenyewe katika Aya ya 22 imekataza kuwajadili kwa kina hata juu ya idadi yao.

Atauliza mtu: kuna madhara gani watu wakiamini tu? Tutamjibu kwa kisa cha Usama bin Munqidh, amiri wa Shayzar, aliyefariki mwaka 584 Hijria (1188). Katika Kitab al-I'tibar ameeleza kwamba akiwa safarini na jeshi alifika Pango la Raqim, akasali msikitini. Ndani palikuwa na ufa mwembamba. Amiri mmoja wa Kituruki akamwambia kwamba mtoto wa zinaa hawezi kupita katika ufa ule. Usama akapita, wala hakuyasadiki maneno hayo, na askari wengi wakapita. Alikuwapo mtumwa mweusi, mchamungu, mwingi wa swala, mrefu. Akajaribu kila namna, asiweze kupita. Maskini akalia na kusikitika. Mtu wa ibada amevunjwa moyo na kutiwa shaka katika nasaba yake, kwa sababu ya upana wa ufa wa jiwe na maneno ya watu wasiokuwa na dalili. Nasaba katika sheria huthibiti kwa ndoa na ushahidi, haithibitishwi na mwamba. Na mama yetu huyu asiyelala usingizi leo, ni nduguye mtumwa yule.

Ama kuzuru mahali pale kwa mazingatio, hakuna ubaya. Imam an-Nawawi ameeleza kwamba kauli sahihi kwa wanazuoni wa madhhabu yetu ya Shafi ni kuwa kusafiri kwenda pasipokuwa misikiti mitatu si haramu wala makuruhu, ingawa Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni alikataza. Kinachokatazwa ni kuyafanya makaburi kuwa mahali pa kusujudia, kwa Hadithi ya Aisha (r.a.) iliyo katika Sahihi mbili. Na asije mtu akatoa dalili kwa Aya ya 21, inayowataja walioshinda rai yao wakaazimia kujenga msikiti juu ya vijana. Aya imesimulia walichosema, na wafasiri wamekhitalifiana hata kama wasemaji walikuwa waumini. Sheria ya waliotutangulia haitufungi panapokuja kwetu katazo lililo wazi.

Tumrudie mama yetu. Asili ya mas'ala ni Hadithi ya Thabit bin Dhahhak (r.a.) aliyoipokea Abu Daud, ya mtu aliyenadhiri kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (s.a.w.) akauliza kwanza kama palikuwa na sanamu la kijahiliya lililokuwa likiabudiwa, au sikukuu yao. Alipoambiwa hapana, akamwamuru atimize. Basi nasi tunamuuliza mama: ulikusudia nini?

Ikiwa alikusudia kulitukuza pango au waliozikwa humo, akiamini kwamba uponyaji umetoka kwao, nadhiri hiyo ni batili, haifungi, wala haina kafara kwa kauli mashuhuri ya madhhabu. Atubu kwa itikadi ile na amshukuru Aliyemponya mwanawe. Ikiwa alikusudia kuchinja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na nyama wapewe maskini wa Rajib, nadhiri inamfunga, lakini si lazima asafiri yeye. Amuwakilishe mtu wa kuaminika aliyeko huko anunue mbuzi, achinje na kugawa. Safari yenyewe haikuwa ibada iliyokusudiwa, ilikuwa njia tu. Na ikiwa alikusudia kuchinja pale bila kuifikiria sadaka kwa watu wa pale, basi kauli iliyo sahihi zaidi katika madhhabu ni kwamba hakuna kinachomlazimu. Akipenda kuchinja mbuzi wake mtaani kwao na kuwalisha majirani maskini, hiyo ni sadaka njema, na mtoto naye atakula.

Wallahu aalam.